UZI: Lamu ilikuwa ikisoma kabla ya mkoloni. Kilichobadilika ni maana ya "kusoma"

1/
Kila msimu wa siasa ukifika Pwani, kuna sentensi tatu hazikosi jukwaani. Ya kwanza: "watu wa Lamu hawakupenda shule." Ya pili: "madrasa ndiyo iliyowachelewesha." Ya tatu husemwa kwa sauti ya upole kabisa: "tuseme ukweli, angalau mkoloni alituletea elimu." Sitataja mtu wala chama, manake sentensi hizi zinatoka kila upande. Nataka tuzipime kwa historia. Uzi ni mrefu, jipatie chai kwanza.

2/
Kwani kuna haja gani? Haja ipo. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Kijana wa Amu, wa Faza au wa Kizingitini akitafuta kazi pale anaulizwa swali moja: cheti kiko wapi? Akikosa, jibu liko tayari mdomoni mwa watu: "nyinyi hamkusoma." Kama jibu hilo ni kweli, lawama ni ya babu zake. Kama si kweli, basi kuna deni, na deni lina mwenyewe. Kwa hiyo haya si mambo ya makumbusho.

3/
Tuanze na maneno, manake lugha haisahau haraka. "Chuo" kwa Kiswahili cha zamani ni kitabu, kisha ikawa pale mtoto anaposomea Kurani. Leo tunasema "chuo kikuu". "Kuhitimu" kulikuwa kumaliza Kurani. Leo mhitimu ni mtu wa joho na kofia. "Elimu", "mwalimu", "darasa", "daftari", "kalamu", "karatasi", yote yalikuwepo kabla ya mzungu yeyote kufungua ofisi hapa. Aliyekuja na jina geni ni "skuli", kutoka kwa Mwingereza, na "shule", kutoka kwa Mjerumani. Hebu jiulize: jamii isiyo na elimu ingekuwaje na msamiati mzima wa elimu?

4/
Chuo kilifanyaje kazi? Mtoto alianza na ubao wa mbao, kalamu ya mwanzi na wino. Anaandika alifu, be, te, anasoma, ubao unaoshwa, anaandika tena. Anapanda juzuu kwa juzuu mpaka anahitimu. Wengi waliishia hapo. Waliotaka zaidi walikaa darsa za msikitini: fikihi, nahau ya Kiarabu, tafsiri, mirathi. Wachache walisafiri Zanzibar, Hadhramaut au Makka. Mwalimu hakuwa na mshahara wa serikali, aliishi kwa zawadi za wazazi, wakfu na shughuli zake nyingine. Mapumziko yalifuata Ijumaa. Ulikuwa mfumo, ulikuwa na ngazi zake, na jamii ilijua nani amefika wapi.

5/
Matunda yake tunayo. Utendi wa Tambuka, moja ya kazi kongwe za Kiswahili tulizonazo, una tarehe ya 1728 na ulitungwa Pate. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inazungumzia kuanguka kwa Pate hiyo hiyo. Siyu ilikuwa na mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono, kazi ambayo wataalamu wanaisomea mpaka leo. Na mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi. Mama anamuandikia binti, yaani alitarajia binti atausoma. Hii yote ilikuwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu.

6/
Sasa tusipake zamani rangi ya dhahabu. Lamu ile ilikuwa na waungwana na ilikuwa na watumwa, na elimu ilifuata mstari huo. Mtumwa wa shambani kule bara hakuwa na ubao. Mtoto wa ukoo mkubwa alikuwa na nafasi ambayo wa ukoo mdogo hakuwa nayo. Mtu akikwambia kabla ya mkoloni kila mtu alisoma, naye pia anakudanganya. Lililo kweli ni dogo kidogo, lakini lina uzito: palikuwa na jamii inayoandika, yenye shule zake, na yenye ubaguzi wake.

7/
Na ubaguzi huo ulianza kuvunjwa kutoka ndani. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliishi Lamu na kuanza kuwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo waliotoka utumwani. Baadhi ya wakubwa hawakufurahi hata kidogo. Lakini karibu mwaka 1900 msikiti wa Riyadha ulisimama, ukawa chuo kinachovuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Alifariki 1935. Kumbukeni hili: mageuzi ya elimu Lamu yalikuwa yameshaanza wenyeji wakiyafanya, wakati ule ule ambao serikali ya kikoloni ilikuwa bado inapima viwanja.

8/
Mkoloni aliingiaje? Mwaka 1885 Wajerumani walijitangazia ulinzi wa Witu, hapo bara ng'ambo ya visiwa. Mwaka 1890 wakawaachia Waingereza kwa mkataba ule ule uliogusa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Mwaka 1895 Mwingereza akakubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi wa pwani, Lamu ikiwemo, kwa niaba yake. Bendera ya Sultani ikaendelea kupepea. Kadhi akabaki, liwali akabaki, mudiri akabaki. Kwa macho, kama hakuna kilichobadilika. Mabadiliko yalipitia mlango mwingine.

9/
Mlango wa kwanza ulikuwa pesa. Reli ilianza kujengwa 1896 ikitoka Mombasa kwenda ziwani, ikaipa Lamu mgongo. Nairobi ikawa makao makuu. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1907, na hilo lilikuwa haki, halina mjadala. Lakini uchumi wa visiwa ulikuwa umesimama juu ya mashamba ya bara, na hapakuwa na mpango wowote wa maana kwa waliokuwa watumwa wala kwa mji wenyewe. Mji ukadhoofika. Na mji ukidhoofika, anayeishi kwa zawadi za wazazi, yaani mwalimu wa chuo, naye anadhoofika.

10/
Mlango wa pili ulikuwa rangi. Mwaka 1909 serikali ilimleta J. Nelson Fraser, mtu wa elimu kutoka India, apendekeze mpango. Idara ya Elimu ikaanzishwa 1911. Kilichofuata ni mfumo uliogawa watoto kwa rangi: skuli za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Waafrika walipangiwa zaidi ufundi na kazi za mikono. Hapakuwa na mtoto wa Kenya. Palikuwa na mtoto wa kabila fulani la kikaratasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyoamua atapata dawati la aina gani.

11/
Sasa Lamu iko wapi kwenye karatasi hiyo? Hapa ndipo kichekesho kinapoanza. Mbajuni ni nani? Mswahili wa Amu ambaye bibi yake mmoja ni wa Hadhramaut na mwingine ni wa bara, ni Mwarabu au Mwafrika? Nyumbani swali hilo lilijibiwa kwa ukoo, mtaa na tabia. Ofisini lilihitaji kisanduku kimoja. Skuli ya Waarabu ya serikali ilifunguliwa Mombasa 1912. Ukihesabiwa Mwarabu, mlango upo japo mbali. Ukihesabiwa "mwenyeji", unaelekezwa kwenye mfumo mwingine. Ndugu wawili wa mtaa mmoja wakaanza kugombania jina. Mabishano mengi ya "sisi si wale" yanayosikika Pwani mpaka leo yalilishwa na kisanduku hicho.

12/
Na mfumo huo mwingine ulikuwa mikononi mwa nani? Wamisionari. Serikali haikutaka kutumia pesa nyingi kwa Waafrika, ikaona bora itoe ruzuku kwa misheni zenye skuli tayari. Maseno ilianza 1906, Alliance ikafunguliwa Kikuyu 1926. Hizi ni skuli zilizotoa makarani, walimu, na baadaye viongozi wa nchi. Sizibezi. Ninachosema ni kwamba bomba la pesa ya umma lilipitia kanisani. Aliyesimama nje ya kanisa alisimama nje ya bomba.

13/
Jiweke kwenye nafasi ya mzazi wa Siyu miaka ya 1920. Mtoto wako anasoma chuoni kwa mwalimu unayemjua. Anakuja mtu anakwambia, mpeleke skuli. Unauliza: Kurani atasomeshwa? Hapana. Kiarabu? Hapana. Mapumziko ni siku gani? Jumapili. Na walio wengi wanaotoka huko wanatoka na jina jipya la ubatizo. Kwa Kikuyu, neno "athomi", wasomaji, lilikuwa pia jina la Wakristo. Yaani kusoma na kubatizwa vilikuwa kitu kimoja mpaka kwenye lugha. Mzazi huyo akikataa, je, amekataa elimu?

14/
Mlango wa tatu ndio ulioumiza zaidi, na haupigiwi kelele: hati. Wamisionari walioanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, kama Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Steere aliyechapisha kitabu chake cha sarufi 1870, walifungua njia ambayo serikali iliifuata. Karani wa ofisini awe wa herufi za Kilatini. Mtihani, herufi za Kilatini. Vitabu vya skuli, vile vile. Mtu aliyekuwa ameandika barua, mikataba na mashairi maisha yake yote akaamka siku moja yeye si msomi tena. Hakupoteza elimu yake hata herufi moja. Iliyopotea ni bei yake sokoni.

15/
Tuwe waadilifu hapa. Hati za Kiarabu zilikuwa na shida zake kwa Kiswahili. Hazikuwa na p, ch wala v za asili, na e na o zilichanganyika na i na u. Waandishi walizitengenezea alama. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, ni mmoja wa waliohangaika kuzirekebisha. Herufi za Kilatini zilikuwa rahisi kwa chapa na taipu. Kwa hiyo hoja ya kubadilisha hati haikuwa ya kipuuzi. Tatizo ni namna ilivyofanywa.

16/
Linganisha na Uturuki. Mwaka 1928 Uturuki nayo ilihama kutoka hati za Kiarabu kwenda za Kilatini. Ilikuwa ghafla na iliumiza watu. Lakini ilifanywa na serikali ya Waturuki wenyewe, na zikafunguliwa skuli za umma kufundisha watu wazima herufi mpya, nchi nzima. Lamu hapakuwa na kampeni ya namna hiyo. Hakuna aliyekuja kumwambia mzee wa Matondoni "umeshajua kusoma, sasa tukuongezee herufi nyingine." Aliachwa tu. Mtoto wake akawa anasoma asichokisoma baba, na baba anasoma asichokisoma mtoto. Bibi zetu wengi wanaosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ukija na fomu yako utaandika "hajasoma", yeye yuko mbele yako na kitabu mkononi.

17/
Baada ya hati ikafuata lahaja. Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Kiunguja kikachaguliwa kuwa Kiswahili sanifu. Ilihitajika lugha moja ya vitabu kwa nchi nne, hilo ninalielewa. Lakini Kiamu ndicho kilichokuwa lugha ya tendi. Sasa mtoto wa Amu akiandika "ndia" badala ya njia, "mato" badala ya macho, "mai" badala ya maji, anapigiwa mkasi mwekundu. Mtoto wa kwao Kiswahili anakosolewa Kiswahili, tena kwenye maneno ya babu yake ambayo profesa wa ng'ambo anayaandikia tasnifu.

18/
Kwa hiyo ukijumlisha, mtoto wa Lamu aliambiwa: hati yako si hati, lahaja yako ni makosa, mwalimu wako si mwalimu, siku yako ya mapumziko siyo, na ili uingie itabidi ujue wewe ni rangi gani. Halafu miaka 30 baadaye anaulizwa, "mbona hamkuja?"

19/
Je, wazee walikaa tu wakinung'unika? La. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Sahifa 1930, kisha Al-Islah 1932. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki 1947. Aliwasema watawala, na aliwasema Waislamu wenzake pia. Hoja yake: someni elimu ya dunia, msiiache dini, na msikubali kuambiwa mchague moja. Kumbuka haya yanaandikwa miaka ya 1930. Anayesema leo kwamba Waislamu wa Pwani "wameamka juzi" hajui gazeti hilo lilikuwepo.

20/
Na tuna jaribio la kweli la kupima ile sentensi ya "hawapendi shule". Zanzibar ilikuwa chini ya Mwingereza huyo huyo. Huko pia skuli za serikali za mashamba zilikuwa hazijai. Mwishowe serikali ikakubali kuingiza ufundishaji wa Kurani na walimu wake ndani ya skuli. Wazazi wakaanza kuleta watoto. Watu ni wale wale, dini ni ile ile, mkoloni ni yule yule. Kilichobadilika ni masharti ya mlangoni. Kama tatizo lingekuwa mapenzi ya shule, kubadilisha ratiba kusingefanya chochote.

21/
Serikali ya Kenya ilikuja kustuka kwa kuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu Mombasa, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ilifundisha ufundi. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Jambo zuri, lakini angalia tarehe: Maseno ilikuwa na zaidi ya miaka 40 tayari. Na kwa mtoto wa Pate, Mombasa ni safari ya bahari, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara. Ukianza mbio wenzako wamefika nusu uwanja, ukichelewa kufika hawasemi ulianza nyuma. Wanasema wewe ni mzito wa mbio.

22/
Hapa kuna karatasi ambayo watu hawaitaji majukwaani, na kila mpiga kura wa Pwani angefaa kuijua. Oktoba 1963, Sultani alipoachia ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya huru, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar walibadilishana barua za ahadi. Mahakama za kadhi zitabaki. Hati za ardhi zitatambuliwa. Na kuna ya elimu: watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na ruzuku iliyokuwa ikitolewa kwa skuli za msingi za Waislamu Pwani iendelee. Ahadi ya kadhi tunaiona mpaka kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ya ruzuku ya skuli, hebu niambieni mara ya mwisho mmesikia ikijadiliwa ni lini.

23/
Uhuru ulifika, ubaguzi wa rangi kwenye skuli ukafutwa. Hilo lilikuwa kubwa, tusilipunguze. Lakini kipimo cha msomi kikabaki kile kile. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la mtihani mwaka 1985, na 8-4-4. Miaka 22 baada ya uhuru! Kwa miaka yote hiyo mtoto wa Lamu alikuwa na lugha ambayo nchi inaiita ya taifa, na haimsaidii kupita mtihani.

24/
Sasa turudi kwenye zile sentensi tatu.
"Mkoloni alituletea elimu." Alileta aina ya elimu, aliileta kwa ubaguzi, na aliikuta nyingine akaishusha cheo.
"Madrasa iliwachelewesha." Madrasa ndiyo iliyowafundisha kusoma. Iliyochelewesha ni sera iliyowalazimisha kuchagua. Zanzibar ilipoacha kulazimisha, foleni ikajaa.
"Hawakupenda shule." Watu walionakili misahafu kwa mkono, wakatunga tendi na kujenga Riyadha kwa michango yao hawawezi kuwa watu wasiopenda kusoma.

25/
Najua kuna mtu anaandika jibu sasa hivi: "kwa hiyo kila kitu ni mkoloni? Miaka 60 imepita!" Swali zuri, na nakubaliana nalo nusu. Miaka 60 imepita kweli. Ndiyo maana deni hili halimhusu Mwingereza peke yake. Kila serikali iliyokuja ilikuta mstari wa kuanzia umepinda, ikauacha ulivyo, kisha ikatoa tuzo kwa mshindi. Na sisi wenyewe pia: kuna wazazi mpaka leo wanamtoa binti skuli mapema wakisingizia dini, wakati Mwana Kupona aliandikia binti yake karne mbili karibu zilizopita. Historia inaeleza tulifikaje hapa. Haitoi ruhusa ya kukaa hapa.

26/
Mambo yanawezekana, tumeshaona. Miaka ya 1980 ulianza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ukisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan: mtoto anacheza, anahesabu, anajifunza herufi na anasoma dini, mahali pamoja, walimu wakiwa kina mama wa mtaa wenyewe. Ukaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Hakuna aliyemwambia mzazi achague. Hoja ya Sheikh Al-Amin, nusu karne baadaye, ikafanya kazi.

27/
Kwa hiyo mgombea yeyote akija Lamu na sentensi moja kati ya zile tatu, msimzomee. Muulizeni:
– Walimu wangapi wa serikali watapangiwa Ndau, Kiwayu na Mkokoni, na nyumba zao ziko wapi?
– Ratiba ya skuli na ya madrasa zinagongana. Nani atazipanga, na lini?
– Bandari inataka vyeti vya ufundi. Vitatolewa Lamu hapa hapa, au mtoto apande basi tena kwenda mbali?
– Ahadi ya elimu ya Oktoba 1963 ina hadhi gani leo?
Akijibu kwa tarakimu, msikilizeni. Akirudi kwenye "nyinyi hamkusoma", mmeshajua yeye ndiye hakusoma.

28/
La mwisho ni letu, halingoji serikali. Miswada mingi ya Lamu, Siyu na Pate iko London na kwenye maktaba nyingine za Ulaya, na huko inatunzwa vizuri. Lakini bado kuna masanduku kwenye nyumba zetu. Kama bibi au babu yako ana barua, daftari la mashairi au hesabu za jahazi kwa hati za Kiarabu, kaa naye akusomee. Mrekodi. Piga picha kila ukurasa, pande zote mbili. Ikibidi jifunze hati yenyewe. Alifu hadi ye ni herufi chache tu, mtoto wa miaka sita anaziweza. Na siku mtu akija na fomu, kwenye kisanduku cha "amesoma?" muandikie: ndiyo.

Mwisho wa uzi. Wenye nyongeza, hasa wa Faza, Siyu na Tchundwa, tiririkeni hapa chini.